Mpaka Bundi Watage

Septemba 14, 1953

Mdogo wangu Kusik,

Salamu zetu zikufikie hapo kitandani na zikukute unapumua vizuri. Huku sote wazima ila mbwa wako wawili, ambao tangu ndege ikubebe wamegoma kuvuta sleji kwenye theluji. Mume wangu anawatukana kuanzia asubuhi, nao wanamtazama kama mtu anayetazama mvua. Binti yangu anauliza kila siku kama kwenye hospitali ya kifua kikuu kuna peremende. Nimemwambia zipo, kwa hiyo ukipata moja mfichie.

Sasa habari yenyewe. Uliniuliza kama Baba alikasirika, maana hakuja uwanjani kukuaga. Hakukasirika. Alikaa nyumbani, akaikosoa kazi yangu ya kushona, akasema mshono umekwenda upande, kumbe macho yamejaa machozi na mshono hauoni. Chakula anakula. Namkatia ngozi ya nyangumi vipande vidogo vidogo, na bado ananilaumu ni vigumu, kana kwamba mimi ndiye niliyemng'oa meno yote.

Mwaka huu bundi hawakutaga. Panya wa nyasi wameisha nyikani, unaweza kutembea kutwa nzima usimkanyage hata mmoja, na bundi si mjinga wa kutaga mahali pasipo na chakula. Wamepita juu, wamekwenda kutafuta kwingine. Baba alipanda kwenye kile kilima chake, akakuta manyoya ya zamani tu. Aliporudi akaniambia nikuandikie maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie nitamngoja mpaka bundi watage tena kwenye kilima chetu. Asinicheleweshe, nina shughuli zangu."

Basi usimcheleweshe. Kula wanachokupa hata kama hakina mafuta.

Dada yako,
Putu


Novemba 2, 1953

Dada Putu,

Barua yako imenifikia baada ya wiki tano. Imenuka mafuta ya sili, na wodi nzima imelalamika isipokuwa mimi na mzee Emuk wa kitanda cha pili, ambaye ameomba kuilaza chini ya mto wake siku moja. Nimemkubalia. Wasalimie wote. Mbwa waambie nimesema wavute.

Mimi nalala, dada. Dawa yao ni hiyo: lala, usinyanyuke, usicheke kwa nguvu. Chakula chao ni viazi, na viazi, na siku ya Jumapili viazi. Dirishani kuna miti. Hujawahi kuona kitu kinachoziba macho kama miti. Huwezi kujua nani anakuja.

Ukutani nimebandika picha ya binti yako. Muuguzi akaniuliza huyu nani, nikamjibu ni bibi yangu. Akacheka mpaka akaweka sinia chini. Nikamweleza kwamba bibi yetu alipokufa, mtoto wa kwanza kuzaliwa baada yake akapewa jina lake, na kwetu ukipewa jina umekuwa mwenye jina. Ndiyo maana mimi namwita bibi, na yeye ananiamuru kama bibi. Muuguzi akasema ni desturi nzuri. Nikamwambia si desturi, ni bibi.

Jambo moja zaidi. Mkuu wa wodi ametuagiza tuwaandikie ndugu zetu kwamba wasilete humu habari za huzuni. Anasema huzuni inarudisha mgonjwa nyuma miezi. Mtu wa kitanda cha mlangoni aliletewa habari ya msiba wa mkewe, na hakufika Jumamosi. Mimi nimekuambia tu kwa sababu nimeagizwa.

Mwambie Baba nitawahi. Wananiahidi kiangazi kijacho. Mwambie asipande kilimani peke yake, na bundi wakija afunike kichwa. Lile kovu moja la makucha yao linamtosha.

Kusik


Januari 11, 1954

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka gizani. Jua halijarudi, lakini kusini adhuhuri pameanza kuwa pekundu, kwa hiyo hata nyinyi mlio huko kusini mnatukaribia. Samahani kwa kukawia. Dhoruba ilizuia ndege, kisha wino uliganda, kisha nilikuwa na kazi.

Nuyaq, binti wa mama mdogo, amejifungua mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Mtoto wa kiume, mkubwa, ana sauti ya mtu anayeita mashua. Tulifurahi sana. Tulihitaji furaha.

Baba yupo. Anakula, analala. Anakusalimu.

Siku hazigandi, wanasema watu. Huku kwetu naona zinaganda, lakini kiangazi kitafika. Wewe tii madaktari, usiwe na kichwa kigumu, usifikiri mambo mengi. Nimekushonea soksi za ngozi ya kulungu. Wakikukataza kuzivaa, zivae.

Putu


Machi 27, 1954

Dada,

Salamu kwako, kwa shemeji, kwa Baba, kwa bibi yangu mdogo, na kwa huyo mgeni mwenye sauti. Soksi nimezivaa. Wamenikataza, nimezivaa.

Barua yako ilikuwa fupi mno. Wewe ambaye salamu zako peke yake hujaza karatasi! Na hukuniambia jina la mtoto. Anaitwa nani?

Sasa sikia. Tangu mwezi wa kwanza tulikuwa na mgeni wetu hapa. Muuguzi alifungua pazia asubuhi, na juu ya bomba la moshi la nyumba ya kufulia amekaa ukpik, bundi mweupe wa kwetu hasa. Nilidhani ni homa. Emuk naye akamwona, basi tukajua si homa, au tunayo wote wawili. Alikuwa jike, tena mchanga, ana mistari myeusi kifuani na mabawani. Dume angekuwa mweupe kama shuka. Emuk akasema, "Kakosa panya kwao, kaja kula viazi kama sisi."

Watu wa mjini walikuja kumtazama. Walishangaa anawinda mchana, kumbe wao bundi wanaowajua ni wa usiku. Kwetu, ambako kiangazi jua halitui, mwenye kungoja usiku si angekufa njaa? Muuguzi hakumpenda. Kwao bundi akikaa juu ya nyumba ya wagonjwa ni mkosi. Nikamwambia kwetu mkosi ni mwaka ambao bundi hawaonekani.

Miezi miwili alikaa pale akitazama upande mmoja tu, kaskazini. Juzi upepo wa kusini ulivuma, akaruka, akaenda. Nimemwona kwa macho yangu. Ikiwa yeye amepata njia, mimi je?

Mweleze Baba habari hii, uniandikie alivyosema. Na mwombe aangalie kilima theluji ikiyeyuka.

Mdogo wako,
Kusik


Julai 20, 1954

Kusik mpenzi,

Salamu za jua lisilotua. Watoto hawalali, mbwa hawalali, na mimi naandika huku nageuza nyama juani. Tulipata nyangumi wawili katika majira ya barafu kupasuka, na mgao wako nimeuweka kwenye shimo la barafu, hakuna atakayeugusa. Mbwa wamekonda, maana kiangazi cha mwaka juzi walikuwa wakijichimbia panya wenyewe, na mwaka huu tena hakuna wa kuchimba. Mmoja amekula kiatu cha mume wangu. Sikumlaumu.

Baba alifurahi kusikia habari ya bundi wako. Alisema kweli ni jike la mwaka wa kwanza, na kwamba atakuwa ameshafika. Na kilimani amekwenda. Bundi wametaga, mayai tisa, ameyahesabu jana. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote.

Yeye mwenyewe hajambo, ila jeuri imemzidi. Jana nimempa supu ya bata bahari akanitemea kifuani, akacheka, na jino lake la pili limechomoza. Anauma kila kitu. Usiku huu kaniuma kidole mpaka nimepiga kelele, Nuyaq akanicheka.

Mtoto mzima. Jina tutakuandikia.

Dada yako,
Putu


Septemba 5, 1954

Dada Putu,

Nakusalimu. Wasalimie wa nyumbani.

Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikaisoma tena. Siku ya tatu nikamwomba Emuk anisomee kwa sauti, nikitaraji kwamba macho yangu ndiyo mabovu.

Dada, wewe ni fundi wa kushona, bundi humjui. Mbwa wamekonda kwa kukosa panya, halafu bundi ametaga mayai tisa? Ayalishe makinda nini, kiatu cha shemeji? Na mwezi wa saba mayai gani? Mwezi wa saba makinda yameshashuka kwenye kilima yanatembea nyasini kwa miguu, hata kuruka hayajui. Baba hawezi kusema maneno yale hata akiwa na homa. Kwa hiyo nikajua kilimani hakwenda mtu.

Kisha lile jino. Baba yangu alikuwa hana jino hata moja.

Nimejua jina la mtoto wa Nuyaq. Ni Aaluk, jina la Baba. Ndiyo maana mwezi baada ya mwezi ulikuwa unanizungusha.

Nililia, sikufichi. Mkuu wa wodi akaja akaniuliza nani kaniletea habari mbaya. Nikamwambia hakuna, dada yangu ameniandikia kwamba baba yetu ameota jino.

Sikukasirikia uongo wako, maana na mimi ninao wangu. Yule bundi hakuruka. Mtunza bustani alimkuta chini ya bomba, amekufa. Emuk anaruhusiwa kutembea, nikamtuma aniletee chini ya koti lake. Nilimshika kifua. Mfupa mtupu, dada, hakuwa na nyama ya kushika. Tulimfunga kwenye taulo, na muuguzi yule yule aliyemwogopa ndiye aliyemzika. Nilikuandikia ameruka kwa sababu ulikuwa ukinitaka nirudi, nami nilitaka mmoja wetu awe amerudi.

Na kiangazi kimepita, kama unavyoona, mimi nipo. Wamenikata mbavu nne upande wa kushoto ili pafu lilale. Halikulala, linakohoa.

Sasa niambie kweli alivyokufa. Na nina ombi moja. Mwaka bundi watakaporudi, panda kilimani wewe mwenyewe, uhesabu, uniandikie ulichokiona wewe. Nitaamini hata kama ni sifuri.

Mpe Baba salamu zangu. Mwambie najua kwamba ananingoja.

Kusik


Desemba 9, 1954

Mdogo wangu Kusik,

Sijui nikusalimu vipi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye jino. Nisamehe.

Leo unatimia mwaka tangu Baba afariki. Alikwenda kwenye barafu kuvizia sili, nikamkataza, akaniambia mimi si mama yake. Alirudi amelowa hadi magotini. Siku nne kifua kikambana. Hakuogopa. Alikuwa ananiulizia siku za Nuyaq, amebakiza ngapi, mpaka nikamwambia anyamaze, ajifikirie mwenyewe. Akasema, "Si ndiyo najifikiria. Nimemwahidi Kusik nitamngoja. Nipeni yule mtoto." Yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana. Wiki mbili baadaye akazaliwa, nasi tukampa jina.

Kwa hiyo nilipokuandikia Baba anakula, Baba analala, moyoni sikuona kwamba nadanganya. Alikuwa anakula na kulala palepale mbele yangu. Yale ya mayai ndiyo uongo, na yamenirudi. Nilitaka kukupa kitu cha kukushikilia.

Sasa anatembea. Anaanguka, anaamka, hataki kushikwa mkono. Nimemwonyesha picha yako, akailamba. Nuyaq ana mimba nyingine, atajifungua kiangazi.

Mbavu zako zimeniuma mimi. Usinifiche tena, nami sitakuficha.

Putu


Aprili 3, 1955

Dada Putu,

Salamu. Mkono unaoandika ni wa Emuk, maneno ni yangu. Akiongeza ya kwake utayajua, yatakuwa ya matusi.

Niko kwenye chumba cha peke yangu. Kina dirisha zuri, kwa hiyo unaelewa. Ulisema tusifichane. Madaktari hawasemi tena kiangazi. Hawasemi kitu.

Mtoto wa Nuyaq akizaliwa, msimkalishe bila jina kwa ajili ya kuniogopa. Mimi si mchoyo. Na bundi usisahau.

Kusik


Juni 20, 1955

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, nyingi, na usinikatize. Barua yako ilitufikia mwezi wa tano, tumeisoma, na kuhusu maneno yake ya mwisho nitakujibu chini.

Kwanza, wamekuja. Panya wa nyasi wamejaa mwaka huu, wanakatiza hata uwanjani, mbwa wamenenepa kwa uvivu. Jana nilimbeba Baba mgongoni ndani ya koti langu, nikaenda kilimani. Mume wangu alitaka kutusindikiza, nikamkatalia, uliniagiza mimi. Nimekuta jike amelala juu pale pale pa siku zote. Aliponiona akashuka akijikokota, bawa chini, ananidanganya ameumia ili nimfuate. Nikamwambia, dada, mchezo huo naujua. Nikapanda.

Mayai sita. Na kinda moja, limetoka siku ileile, limelowa, macho limefumba. Jumla saba. Kando ya kiota dume ameweka panya kumi na mmoja, amewapanga kama mtu anayengojea wageni. Nimehesabu mara mbili kwa kidole.

Nikainama kutazama vizuri, na hapo dume akanijia kwa nyuma. Sikumsikia, mabawa yale hayana sauti. Amenipiga kichwani nikapiga magoti, kofia ya koti imechanika. Nilidhani amempata Baba. Nikamtoa nimtazame, hana hata mkwaruzo, anacheka, anamnyooshea mkono yule bundi kama mtu aliyemwona jirani wa zamani.

Sasa hilo jingine. Nuyaq amejifungua Jumanne iliyopita, tarehe kumi na nne. Mtoto wa kiume. Analia tangu azaliwe, hanyamazi kwa ziwa wala kwa kubembelezwa. Wazee wananiambia analilia jina, nimpe jina lako kama ulivyoagiza. Nimekataa. Nimewaambia jina hilo bado lina mwenyewe, analitumia, na atakuja nalo. Kama hatanyamaza, basi alie.

Bundi wametaga. Baba ametimiza yake. Fanya haraka.

Dada yako,
Putu


Julai 19, 1955

Mdogo wangu Kusik,

Nakusalimu, ingawa uko hapa hapa mapajani mwangu na huwezi kusoma.

Ndege ya leo imeniletea barua yangu mwenyewe. Haikufunguliwa. Wamebana juu yake karatasi ya hospitali yenye tarehe, Mei 30, na nyuma Emuk ameandika mstari mmoja, kwamba ulikufa umevaa soksi.

Mei 30. Nimehesabu kwa vidole kama nilivyohesabu mayai, mara mbili. Siku kumi na tano baadaye ukazaliwa kwa Nuyaq. Wiki tano umekuwa humu ndani ukinililia jina lako, na mimi, dada yako, nakunyima, nawaambia watu wakuache ulie. Nilikuwa natazama angani nikingoja ndege, kumbe ulishafika. Nisamehe, mdogo wangu. Sikukujua.

Nimekuita asubuhi, mara moja tu, sikioni. Umenyamaza.

Barua ya Juni nimekusomea yote mpaka mwisho: mayai sita, kinda moja. Makinda sasa yameshashuka kilimani, yanatembea nyasini. Baba amekaa hapa pembeni, amekushika mguu, na kila nikijaribu kumwondoa anauma.

Putu